Ndoo ya Gaudensia Haipokelewi

Mmenisumbua sana na jambo hili. Kila nikikaa kanisani kuna mtu ananigusa bega, "Mama, utuandikie habari za Gaudensia na Wachina." Kwani mkono wangu ni wa kalamu? Nimeishia darasa la tatu, na huko kwenyewe nilichunga kuliko nilivyosoma. Mkitaka habari si mngemwuliza mwenyewe? Mnamwogopa. Basi mnakuja kwangu, kama mimi siogopwi. Haya, nitaandika mara moja tu. Atakayesema nimekosea herufi aje aandike yeye. Na nikimaliza nitadai changu, msijifanye hamjasikia.

Gaudensia ninyi mnamjua, ila wa mbali hawamjui, kwa hiyo naanza mbali. Ni wa hapa hapa Nambis, mjane wa Tluway. Mwanamke mrefu, mkavu, shingo imenyooka kama nguzo ya ua. Shingo ile ilinyooshwa na mizigo. Alipokuwa msichana alipanda na maji kutoka chemchemini mpaka juu kwao, na mlima ule mnaujua. Alipoolewa akabeba samadi kupeleka kwenye vitunguu swaumu, kikapu mgongoni na mtoto kifuani. Baadaye alipata punda, akapumzika kidogo, punda akaliwa na fisi, akarudi kujitwika mwenyewe na nywele zimeshaanza kuwa nyeupe.

Tluway alipougua, gari lilikuwa halifiki huku. Wanaume wa kubeba machela walikuwa pungufu, wengine wako Basotu wanavuna ngano ya watu. Gaudensia akafunga khanga kiunoni, akaingiza bega chini ya mti wa machela. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mwanamke habebi machela. Akawaambia, "Nong'oneni huku mnatembea." Tluway alifia njiani, na mkewe hakutua mpaka walipofika.

Sasa, kwake kulikuwa na sheria moja ambayo aliishika kuliko hata rozari. Ukimwona mkubwa wako anakuja na mzigo, humsalimii. Unakimbia, unampokea, unautua chini, ndipo unasema shikamoo. Kumsalimia mtu mwenye mzigo kichwani ni kumwambia aendelee kuumia huku anakujibu. Mwanawe Vicent alichapwa kwa kosa hilo, na tangu hapo alikuwa akikimbia kama sungura akiona mama yake anatokea kwenye kona. Lakini Vicent yuko Arusha siku hizi. Krismasi moja alikuja na gari la rafiki yake, akamkuta mama yake njiani na kuni kichwani, akateremsha kioo: "Shikamoo mama! Tunatangulia nyumbani!" Vumbi likampata Gaudensia usoni. Hakulisema jambo lile kwa mtu, ila alianza kurudia neno moja kila mara: "Anayenipokea mzigo ndiye atakayenipeleka kaburini. Wengine watakuja kula."

Basi alikuwa anamtafuta mtu huyo. Mwanamke wa umri ule, peke yake kwenye boma, hatafuti kitu kingine.

Kissa akaja. Mwalimu wa Kiingereza, serikali imemtoa Tukuyu imemleta kwetu kwenye baridi, akapanga chumba cha uani kwa Gaudensia. Siku ya kwanza alikuwa anafungua mabegi yake, akamwona bibi anapandisha na ndoo. Akaacha mabegi, akakimbia peku kwenye tope, akaipokea ndoo, akaitua pasipo kumwaga, kisha akapiga magoti. "Shikamoo, Bibi."

Gaudensia alimtazama. "Marahaba. Wewe umezaliwa na watu."

"Nimezaliwa na Wanyakyusa, Bibi."

"Nao ni watu."

Wakaishi hivyo. Kissa alilalamika kwamba ugali wetu ni mgumu na ndizi hakuna, Gaudensia akamjibu kwamba ndizi ni chakula cha wasio na meno. Walicheka. Jioni Kissa akitoka shuleni alisimama kwenye ua akitazama njia ya chemchemini, na ndoo ilipotokea, alikuwa ameshafika. Gaudensia akaanza kumwita mjukuu wangu. Alimwonyesha hata kipande cha kiwanja nyuma ya zizi: "Hapa utajenga. Nataka uwe karibu siku ile." Kissa alijua siku ile ni siku gani. Alisema, "Nitakuwepo, Bibi." Kwa mdomo wake.

Halafu ikaja hiyo shule ya kwenye simu.

Kissa alipata kazi ya kuwafundisha Wachina Kiingereza kwa simu, alasiri akishatoka kazini, maana alasiri yetu kwao giza limeingia na watu wameshakula. Wengi walikuwa watu wazima. Kila wiki alipewa neno moja la Kiingereza, la kawaida kabisa, aonyeshe maana zake zote na linavyotumika. Anatengeneza vipande vya video, anavituma, na Jumamosi wanaonana naye uso kwa uso kwenye kioo cha simu, wanauliza maswali.

Siku moja alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda.

"Bibi, nisaidie. Neno la sasa ni kubwa, nimepewa majuma kadhaa. Ni carry." Linaandikwa hivyo, ila alilitamka keri.

"Ndiyo nini?"

"Kubeba."

"Kubeba wapi? Kichwani, mgongoni, begani?"

"Kote. Kiingereza hakiulizi wapi."

Gaudensia akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Hiyo ni lugha ya watu wasiobeba. Sisi ndoo tunajitwika, mtoto tunamweleka, akilala tunampakata. Wao keri, keri, kama kuku anatafuta pa kutagia."

"Na Wachina ndivyo wanavyosema! Kwao kuna neno la begani, la mgongoni, la mkononi, la kukumbatia. Ndiyo maana keri inawasumbua."

"Kumbe," Gaudensia akasema. "Basi nao ni watu."

"Tena si mizigo tu. Basi la Haydom limechukua abiria: keri. Polisi anatembea na bunduki: keri. Ukimwita Fransiska kutoka hapa akakusikia ng'ambo ya bonde, sauti yako imefika: keri. Mtu ana ugonjwa haujaonekana, anatembea nao: keri. Ukiuliza dukani kama wanauza chumvi, keri hiyo hiyo."

"Na nguzo iliyoshika paa?"

"Keri."

"Na mwenye mimba?"

"Keri, Bibi."

Gaudensia akakoroga ugali. "Na maiti?"

"Keri."

"Hapo wamesema. Na yule anayekuja kukupokea?"

"Hilo ni neno jingine. Lina somo lake."

"Lini?"

"Sijapangiwa bado."

Basi kazi ikaanza. Gaudensia aliambiwa atapigwa picha amebeba, akavaa kitenge cha Pasaka na viatu. Kissa akasema, "Hapana Bibi, vaa ile khanga ya shamba. Na peku." Gaudensia akamtazama, akaenda akabadilisha. Alipita na ndoo mbele ya simu. "Vizuri. Rudia, Bibi." Akarudia. "Jua lilikuwa nyuma. Rudia." Alipofika mlangoni alisimama kama kawaida yake, shingo imenyooka, akisubiri mikono. Mikono ilikuwa imeshika simu. "Ngoja kidogo, nimalizie." Akangoja, ndoo kichwani, kwenye ua wake mwenyewe.

Alisamehe. Kazi ni kazi, na mtoto alikuwa na mdogo wake wa kusomesha kwao. Tena ilikuwepo furaha yake. Jumamosi Kissa alimwita akae mbele ya kioo, na Wachina walikuwa wamefundishwa shikamoo. Walisema kwa namna yao, lakini walisema, na yeye akaitikia marahaba kwa kila mmoja. Alimpenda mmoja zaidi, mama mwenye nywele fupi nyeupe. Kissa alieleza kwamba mama huyo enzi zake alipeleka mboga sokoni kwa mti wa begani, kikapu mbele na kikapu nyuma. Gaudensia alimwonyesha bega lake, lile la machela. Yule naye akavuta blauzi akaonyesha lake. Wakatazamana mabega.

Akaja kujisifia kanisani. Fransiska, mnaujua mdomo wake, akamwuliza, "Wanakulipa?"

"Mimi si kibarua. Nawafundisha watu."

"Fisi alikula punda wako, Mama Vicent, sasa Wachina wamepata wao."

Wanawake wakacheka. Gaudensia hakurudi nyumbani kwa njia moja nao siku ile. Lakini neno la punda lilimwingia, likakaa.

Mwezi wa nne, mvua inanyesha, Kissa akaja na jambo jipya. Mwanafunzi mmoja alikuwa amegundua kwamba ndoo haimwagi hata tone. Ilikuwa kweli: Kissa mwenyewe ndiye aliyekuwa anaijaza nusu, ili bibi asichoke kurudia.

"Wanasema ndoo ni tupu, Bibi."

Gaudensia alisimama. "Nani anasema? Mimi nibebe ndoo tupu? Mwambie aangalie." Na hapo ndipo ninapomlaumu na yeye, maana kiburi chake mnakijua. Alishuka chemchemini kwenye tope lile, akajaza mpaka mdomoni, akaweka ngata, wanawake wakamtwika, akaanza kupanda. Kissa alikuwa juu, kwenye kona ya mwisho, pale njia inapobana, amenyoosha simu.

Kabla ya kona ile, goti la Gaudensia likalegea. Alilisikia linaondoka kama jino. Akasimama, miguu imetanuka, ndoo inayumba. Akaita, "Nipokee, Kissa."

Kissa alikuwa karibu. Karibu kama kutoka mlangoni mpaka kwenye mafiga. Hakuja. Alinyanyua mkono mmoja, ule usioshika simu, akaonyesha kiganja. "Kidogo, Bibi. Ngoja kidogo."

"Mtoto, nipokee!"

Mkono ukabaki pale pale.

Ndoo ikaanguka, naye akaifuata. Maji yakamwagika yote yakamvika tope. Ndipo Kissa akatia simu mfukoni akakimbia, analia, "Pole Bibi, pole, Mungu wangu, pole." Akamnyanyua, akamwegemeza mpaka nyumbani, akamkanda kwa maji ya moto, akampikia uji. Alimtunza vizuri, huwezi kumnyima hilo. Gaudensia alikunywa uji, akamrudishia bakuli.

Jumamosi Kissa hakumwita. Alifunga mlango wa chumba chake. Lakini kuta zile ni za miti na udongo, na Gaudensia alisikia neno lile, keri, keri. Akachukua fimbo, akakokota goti lake mpaka uani, akasukuma mlango, akasimama nyuma ya Kissa.

Alijiona kwenye kioo. Alijiona anayumba, anafungua mdomo, anaanguka. Na sauti ya Kissa ilikuwa inaeleza taratibu, ya kidarasa, kama mtu anayehesabia watoto vidole. Kisha video ikarudishwa nyuma. Akaanguka tena. Nyuso za Wachina zilikuwa kwenye vijisanduku vyao, baadhi wanaandika. Yule mama wa nywele nyeupe alikuwa haandiki. Alikuwa amesogea mpaka uso umejaa, na alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kuelekea kioo, viganja juu, vimepanuka, vile vile mtu anavyonyoosha kupokea ndoo. Alisema kitu kwa haraka, na alikuwa amekasirika.

Kissa akageuka akamwona bibi. Akazima sauti ya simu.

"Amesema nini?"

"Amesema... amesema wewe ni hodari, Bibi."

"Usinidanganye. Nimeona mikono yake."

Kissa akainamisha kichwa. "Ameuliza mpiga picha alikuwa wapi."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Bado sijamjibu."

"Mjibu. Nipo hapa nasikiliza."

Kissa akakata simu. Akaanza kueleza, na maelezo yalikuwa mengi: kwamba somo lilikuwa linamtaka aonyeshe mtu ambaye hawezi tena kubeba, na kipande hicho hakuwa nacho, kwamba alidhani bibi atasimama tu halafu aendelee, kwamba asingekipata tena kikiwa cha kweli namna ile, kwamba watu wa ile shule wamekipenda, wanasema kitatumika kwa wengine pia. Gaudensia alimwacha amalize.

"Nilikuita mara mbili," akasema. "Mchina ameniona kwa kioo, bahari iko katikati, akanyoosha mikono. Wewe ulinyoosha kiganja."

Akarudi jikoni.

Hakumfukuza. Mngesema heri angemfukuza. Goti lilipopoa alirudi chemchemini kama zamani, na Kissa alikuwa anamsubiri kwenye ua, tena bila simu. Ndoo ilipotokea alikimbia, akanyoosha mikono. Gaudensia akampita. Akamzunguka kama unavyozunguka kisiki, akapanda na ndoo mpaka mlangoni, akaitua mwenyewe kwa kuchuchumaa, goti linalia. Kesho yake vile vile. Mimi jirani yake nilikuwa naona kutoka kwangu. Msichana anasimama njiani, mikono hewani haina kitu, na kikongwe anapita na mzigo wake. Mtu akikutukana huku kwetu unaweza kumjibu. Akikunyima kumpokea, utajibu nini?

Kissa akaacha kula. Akamwendea Baltazar, katekista, akamwomba amsemee. Baltazar akaja na kofia mkononi.

"Mama Vicent, mtoto amekosa na amekiri. Wewe unasali Baba Yetu."

"Ninasali."

"Sasa?"

"Sasa mwambie arudie. Si ndivyo alivyonifundisha? Jua lilikuwa nyuma. Arudie kuomba."

Baltazar akavaa kofia yake.

Shule zilipofungwa, Kissa akaomba uhamisho mwenyewe, akapelekwa Basotu. Siku ya kuondoka pikipiki ilishindwa kupanda kwa ajili ya utelezi, ikamsubiri bondeni. Wanafunzi walikuwa likizo, hapakuwa na wa kumsaidia. Akajitwika sanduku lake la bati, begi mkononi, akatoka. Gaudensia alikuwa ameketi kwenye lango la ua, fimbo magotini.

Kissa alisimama mbele yake. Sanduku lilikuwa zito, ungeona shingo inatetemeka, shingo ya mtu wa kalamu. Angeweza kupita tu. Alisimama.

"Shikamoo, Bibi."

Sheria ya nyumba ile mnaijua. Mwenye mzigo anapokelewa kwanza, apumzike, ndipo salamu ziendelee. Gaudensia aliangalia sanduku, akaangalia ile shingo. Vidole vyake vilitoka kwenye fimbo, hilo nililiona kwa macho yangu, vikainuka kidogo, kisha vikarudi vikaishika fimbo.

"Kidogo," akasema. "Ngoja kidogo."

Kissa akangoja. Machozi yalimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Alipoona hakuna kinachokuja akageuka akashuka, anateleza, anajishika. Gaudensia alimtazama mpaka kona ile. Marahaba hakuitoa. Iko kwake mpaka leo.

Kile kiwanja nyuma ya zizi kimeota magugu. Gaudensia bado anapanda na ndoo yake, ila sasa anatua katikati, kwenye jiwe, anapumua, halafu anakaa akisubiri apite mtu wa kumtwika. Kumtwika anakubali. Kupokewa hakubali, hata kwangu mimi, na nimejaribu. Vicent alipiga simu akasema amemwona mama yake kwenye simu ya rafiki yake, anaanguka, watu wanacheka, wengine wanaandika neno lile la Kiingereza. Aliuliza, "Mama, ni wewe yule?" Akamjibu, "Ni keri," akakata. Kwa hiyo huko ugenini bado anaanguka kila siku, na hakuna aliyempokea hata mara moja isipokuwa yule mama wa nywele nyeupe, ambaye mikono yake haifiki.

Nimemaliza, mkono unaniuma. Sasa nadai. Wewe uliyesoma mpaka hapa umekaa, umetulia, na kuna mtu anapita nje na mzigo. Simama. Ukija Nambis, njoo jioni wanawake wanapopandisha maji, ukae kwenye ile kona inayobana. Simu iache nyumbani kwako. Ukimwona mwanamke mrefu mkavu, usimsalimie. Nyoosha mikono. Atakuzunguka, nakuambia mapema. Mfuate. Akikuzunguka tena, mfuate tena, mpaka mlangoni, mpaka kesho, mpaka achoke yeye au uchoke wewe. Mimi ni mzee, siwezi kumkimbiza. Ila ndoo ile lazima mtu aipokee kabla hatujambeba yeye mwenyewe, keri yake ya mwisho, na nisije nikasikia kwamba ulisoma, ukasikitika, ukageuza ukurasa.